Kabla Hujalipa, Iwashe kwa Flashi Yako

Haya niliyazungumza mbele ya walimu wa sekondari na mafundi vijana mjini Morogoro. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka kinywani.

Shikamooni wakubwa zangu. Vijana, hamjambo? Mwenyekiti, ahsante kwa nafasi hii, na ahsante kwa meza. Hapo juu mnaona laptopu tatu. Mbili ni zangu, nazijua ndani na nje. Ya tatu ameileta mwalimu mmoja asubuhi ya leo, ameinunua juzi, na mimi sijaigusa. Tutaifikia mwishoni.

Nimeombwa nijibu swali ambalo walimu wananiuliza karibu kila wiki: "Fundi, nimeona laptopu ya mtumba, bei yake nzuri, itakubali Linux?" Linux, kwa msiyeijua, ni mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, nao ni huria, yaani maandishi ya programu yake yako wazi kwa kila mtu. Nami kila mara huuliza: ndani mna nini? Hapo ndipo maongezi yanapokwama. Mwenzangu anajua jina lililoandikwa kwenye mfuniko, anajua kwamba prosesa yake ni i5, anajua bei. Ndani hajui. Na muuzaji naye mara nyingi hajui, hata akiwa mtu mkweli kabisa.

Niwaambie nilivyojifunza kuuliza hivyo. Mwaka 2019 shule moja ilinikabidhi fedha za michango ya wazazi nikanunue laptopu 12 za chumba cha kompyuta. Nilikuwa tayari nina moja ya aina hiyo nyumbani, na ilikuwa inakwenda na Linux mwaka wa pili bila tatizo. Nikaenda Kariakoo, nikamwambia muuzaji nataka 12 kama hii. Akazitoa. Nikaziwasha zote pale pale dukani, zikawaka, Windows ikaonekana, nikalipa, nikazipakia kwenye basi.

Shuleni nikaanza kuziwekea Linux, moja baada ya nyingine. Saba zilipata waifai papo hapo. Tano hazikuona mtandao wowote, kana kwamba kadi haimo. Mfuniko ule ule, stika ile ile, mwaka ule ule wa kutengenezwa. Nikachukua bisibisi, nikafungua kifuniko cha chini cha moja kati ya zile saba, na cha moja kati ya zile tano, nikazilaza ubavu kwa ubavu. Kadi ya waifai ni kitu kidogo, upana wake ni kama kidole gumba na nusu, na juu yake zimebanwa nyaya mbili nyembamba, nyeusi na nyeupe. Katika laptopu ya kwanza kadi ilikuwa ya kampuni moja, katika ya pili ilikuwa ya kampuni nyingine kabisa. Laptopu zile zilipokuwa mpya, mteja aliruhusiwa kuchagua kadi anayotaka. Ofisi hii ilichagua hii, ofisi ile ikachagua ile, na miaka saba baadaye zote zimekutana ndani ya kontena moja.

Mkuu wa shule hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Na watoto watakaokaa kwenye hizi tano?" Nilibadilisha kadi zote tano kwa fedha yangu, lakini swali lile sijalisahau. Fedha ya mzazi aliyeuza debe la mahindi ili achangie haitakiwi kuishia kwenye mashine iliyobahatishwa. Ndiyo maana leo nataka kuwaonyesha namna ya kujua kabla fedha haijatoka mfukoni.

Sikilizeni jambo la kwanza, kwa kuwa mengine yote yanalitegemea. Karibu kila kipande kilichounganishwa ndani ya kompyuta kina namba yake ya utambulisho, na namba hiyo ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza inataja kampuni iliyotengeneza chipu. Ya pili inataja chipu yenyewe. Stika inaweza kubanduliwa na mfuniko unaweza kubadilishwa, lakini ukiiuliza chipu kwa njia sahihi, inajitaja. Linux inaiuliza kwa amri moja fupi unayoichapa kwenye dirisha la amri, nimeiandika ubaoni: lspci -nn. Kwa vitu vinavyopita njia ya USB, amri ni lsusb.

Tazameni kwenye kioo. Hii ni laptopu yangu ya kwanza. Mistari ni mingi, msiogope. Nautafuta ule wenye neno Network. Mwisho wake, ndani ya mabano ya mraba, pameandikwa 8086:0085. Hiyo 8086 ni Intel. Walijipa namba ile ile ya prosesa yao mashuhuri ya mwaka 1978, kwa hiyo hamtaisahau. 0085 ni kadi ya Centrino Advanced-N 6205, mojawapo ya kadi za laptopu za ofisini zinazokubalika na Linux bila kelele. Sasa nabadilisha amri kidogo, naandika lspci -k. Chini ya kadi hiyo hiyo unatokea mstari unaosema draiva inayotumika, yaani programu inayoiendesha kadi, ni iwlwifi. Mstari huo ukiuona, ujue kerneli, yaani kiini cha Linux, imeitambua kadi na imeipa mtu wa kuihudumia. Usipouona, kadi imekaa peke yake, haina wa kuongea naye.

Namba za kampuni mnazotakiwa kuzijua kwa kichwa si nyingi. 10ec ni Realtek, 14e4 ni Broadcom, 168c ni Atheros. Upande wa picha, 10de ni Nvidia na 1002 ni AMD. Vijana, ziandikeni. Namba hizi ndizo mnazoziingiza kwenye intaneti mkitafuta habari. Ukitafuta kwa jina la laptopu utapata majibu ya watu wenye laptopu ya jina lile yenye vitu tofauti ndani, yaani utapata majibu ya zile saba zangu huku wewe umeshika moja ya zile tano.

Niseme kidogo juu ya kadi za waifai, maana kwenye mashine za mtumba tatizo likitokea, mara nyingi linatokea hapo. Kadi za Atheros za zamani, zinazotumia draiva ya ath9k, ni rahisi kupita zote: ndani ya laptopu hazihitaji hata fimwea. Fimwea ni kile kiprogramu kidogo ambacho kadi inapakiwa kila inapoamka, na bila hicho haifanyi lolote. Kadi za Intel zinaihitaji, lakini Intel wameruhusu isambazwe. Zamani Debian ya kawaida (Debian ni mojawapo ya aina za Linux) haikuweka fimwea za namna hiyo kwenye flashi ya kuanzishia, na mafundi wa rika langu tulihangaika sana. Kuanzia Debian 12, iliyotoka Juni 2023, zimewekwa humo humo. Kwa hiyo ushauri wa kale mtakaokutana nao, kwamba "Debian haioni waifai", mwingi umepitwa na wakati.

Broadcom ndiyo inayohitaji macho. Baadhi ya kadi zao zinakwenda vizuri. Nyingine, kama BCM43142 yenye namba 14e4:4365, hazina draiva ndani ya kerneli. Inabidi uweke draiva ya kampuni yenyewe, ambayo si huria, na kwenye Debian ipo kwenye kifurushi cha programu kinachoitwa broadcom-sta-dkms. Ili ukipate kifurushi unahitaji intaneti, na intaneti ndiyo hiyo kadi ilitakiwa ikupe. Ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba. Lakini ipo njia, na walimu wengi mnayo mfukoni: simu ya Android na waya wake wa kuchajia. Chomeka waya, ingia kwenye mipangilio ya simu, ruhusu simu igawe intaneti kwa njia ya USB. Linux inaiona simu kama kadi ya mtandao bila kuongezewa chochote. Hivyo ndivyo nilivyokwishaziokoa laptopu nyingi mikoani, kwa bando la kijana aliyesimama karibu.

Realtek wana kisa chao ambacho kimewapotezea watu muda mwingi. Chipu ya RTL8723BE ilifungwa kwenye laptopu nyingi za bei ya chini. Ukiwa umekaa karibu na ruta, waifai imejaa. Ukisogea hatua kumi, inakatika. Watu wanatupa lawama kwa ruta, kwa kampuni ya mtandao, kwa Linux. Tatizo liko kwenye antena: mtengenezaji amechomeka waya mmoja tu, na draiva inasikiliza tundu ambalo halina waya. Mstari mmoja kwenye faili ya mipangilio, unaoiambia draiva ant_sel=2 au ant_sel=1 ikitegemea tundu, unamaliza kazi. Nimelitaja hili ili mjue kwamba kuonekana kwa kadi hakutoshi. Mkiijaribu waifai dukani, simameni mbali na ruta.

Na kama kadi haifai kabisa, badilisha, kama nilivyofanya mimi. Kadi ya Intel iliyotumika haina bei kubwa. Ila angalieni: laptopu nyingine zinakataa kadi ngeni. ThinkPad za rika la X230, za mwaka 2012, ukiweka kadi ambayo haimo kwenye orodha yake inasimama kabla hata ya kuwaka na kuonyesha kosa namba 1802. Hapo dawa nyepesi ni kipokezi kidogo cha waifai cha USB, na hicho nacho kina namba yake, kiulizeni kabla ya kukinunua.

Sasa niseme juu ya neno "kuukuu". Nimewasikia watu wakisema mashine ya zamani itakuwa na shida na Linux kwa sababu ni ya zamani. Mimi naona kinyume, na nina sababu. Draiva nyingi za Linux huandikwa na watu wanaoitumia mashine yenyewe, na kazi hiyo huchukua muda. Laptopu ya ofisi iliyotoka miaka minane iliyopita imekwishapita mikononi mwa maelfu ya watu, kasoro zake zimeripotiwa, zimerekebishwa. Na kitu kikishaingia kwenye kerneli hakitolewi ovyo. Prosesa ya 386 ilitoka mwaka 1985. Linux iliendelea kuikubali mpaka mwanzoni mwa 2013, lilipotoka toleo la 3.8. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi.

Hiyo ndiyo faida ya chanzo cha programu kuwa wazi. Mtengenezaji akichoka na kifaa, mtu mwingine anaweza kukishika. Hata lugha yetu imepata nafasi kwa njia hiyo hiyo: mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Hawakusubiri kampuni ya nje ione kama tuna soko. Nililifurahia sana jambo hilo nikiwa kijana, na bado nalifurahia.

Mpaka upo hata hivyo, na ni mmoja wa kuukumbuka: biti 32 na biti 64, yaani ukubwa wa data ambao prosesa inaushughulikia kwa mpigo mmoja. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena mfumo wa kusimika kwenye prosesa ya biti 32. Ubuntu, aina nyingine ya Linux, waliacha siku nyingi. Kwa hiyo Pentium M, na zile laptopu ndogondogo za mwaka 2008 na 2009 zenye Atom N270, ziacheni hata mkipewa kwa bei ya kuku. Core 2 Duo, pamoja na uzee wake, ni ya biti 64. Kuhakikisha, andika lscpu, halafu tafuta herufi mbili kwenye orodha ndefu ya sifa: lm. Zikiwepo, ni 64.

Na kwa nini tunazungumza haya mwaka huu? Kwa sababu msaada wa kawaida wa Windows 10 ulifikia mwisho tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 ina masharti: chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel, ukiacha chache, prosesa kuanzia kizazi cha nane. Laptopu za kizazi cha sita na cha saba zimeachwa nje, na hizo si mashine mbovu. HP EliteBook 840 G3, ThinkPad T460, Dell Latitude E7470, zote ni za mwaka 2016 hivi, zilijengwa kwa ajili ya maofisi, zina bawaba imara, na unaweza kuzifungua kwa bisibisi ya kawaida. Kizazi mnakijuaje? Kwa mashine za rika hili, ikiandikwa i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi. Hiyo ni ya sita. Huko Ulaya ofisi zinaziondoa, na huku kwetu, Kariakoo kama ilivyo Luthuli Avenue kule Nairobi, ndizo zinazopangwa mezani.

Nawaonya juu ya kitu kingine ambacho kinawavutia wengi zaidi kuliko hizo. Ni zile laptopu nyembamba, nyepesi, zinang'aa, zina Atom Z3735F, ramu GB 2 na hifadhi ya GB 32 iliyobandikwa kwenye bodi. Bei yake inaweza kulingana na ya EliteBook ya zamani, na zinaonekana mpya. Prosesa yake ni ya biti 64, lakini programu inayoiwasha mashine ni ya biti 32, kwa hiyo flashi nyingi za Linux hazibuti, yaani haziwaki, kabisa. Ukifanikiwa kuibutisha, sauti inaweza isitoke. Na waifai yake mara nyingi haionekani hata kwenye lspci, kwa sababu imepitishwa njia ileile ya kadi za kumbukumbu. Ramu huwezi kuongeza. Mwalimu, kati ya mashine hiyo na ThinkPad iliyochubuka rangi, chukua iliyochubuka.

Haya, twende dukani. Mnakwenda na flashi ya GB 8 au zaidi, ambayo mmekwishaiwekea Linux ya kujaribia, ile inayowaka kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo kwenye diski. Mwambieni muuzaji waziwazi: sifuti kitu, sisimiki kitu, nataka dakika ishirini. Muuzaji mzuri atakubali. Anayekataa, na anayeanza kusema "hii haina haja ya kujaribu, ni mpya kabisa kutoka Uingereza", mshukuruni mwendelee na safari.

Kabla ya flashi, ingieni kwenye bayosi, ile programu ya mwanzo inayoiwasha mashine. Ikidai nenosiri, rudisheni mashine mezani. Laptopu nyingi zimetoka kwenye kampuni kubwa, na nyingine zilitoka bila kufunguliwa kufuli zake. Nenosiri la bayosi halitoki kwa kuondoa betri kama watu wanavyosimuliana, hasa kwenye mashine za ofisi. Mkiwa humo humo, tafuteni maneno Computrace au Absolute. Ikionyesha kwamba imewashwa, ina maana huenda mwenye mali wa kwanza bado ana uwezo wa kuifuatilia. Mimi mashine hiyo siiingizi shuleni.

Tazameni na saa. Ikionyesha mwaka 2012 au 2015, betri ndogo ya bodi imekufa, mara nyingi ni ile CR2032 ya mviringo. Bei yake ni ndogo, kwa hiyo isiwakimbize. Ila mjue inachofanya: saa ikiwa nyuma, tovuti zinakataa kufunguka kwa madai kwamba vyeti vyake si halali, na Debian ikijaribu kusasisha inasema faili bado haijawa halali. Nimemwona fundi akisimika mfumo upya mara tatu kwa sababu ya saa.

Halafu washeni, na kabla alama ya kampuni haijapotea bonyezeni F12 kama ni Dell au Lenovo, F9 kama ni HP. Chagueni flashi. Kuwaka kutachukua muda, flashi ni nzito kuliko diski, msiihukumu mashine kwa hilo. Ikishawaka, waifai kwanza, na mbali na ruta kama nilivyosema. Kisha sauti kwa spika na kwa tundu la visikizi. Kisha kamera. Fungueni programu ya kuandikia, mbonyeze kila kitufe bila kuacha hata kimoja, na hapo mtagundua jambo: nyingi zimetoka Uingereza na alama ya pauni iko juu ya 3, na nyingine zimetoka Ujerumani ambako Z na Y zimebadilishana nafasi. Linux itakuruhusu kuchagua mpangilio wowote kwa sekunde, lakini mtoto wa kidato cha kwanza anayejifunza kuchapa atachanganywa na herufi zilizochapwa kwenye kitufe. Kwa ofisi ya mwalimu ni sawa. Kwa darasa, tafuteni zinazofanana.

Kuna jaribio moja ambalo karibu kila mtu analisahau. Fungeni mfuniko. Ongeeni na muuzaji dakika mbili. Fungueni. Iliamka? Kioo kimewaka? Waifai imerudi? Mashine isiyoamka baada ya kulala itamsumbua mwenyewe kila siku, na atazoea kuizima kwa kushikilia kitufe cha kuwashia, na kila akifanya hivyo kazi yake inaweza kupotea.

Diski iulizeni kwa smartctl -a. Nendeni kwenye mstari wa Reallocated_Sector_Ct na ule wa Current_Pending_Sector, mkaangalie namba ya mwisho kulia. Sifuri ndiyo tunayoitaka. Ikiwa si sifuri, diski imeanza kuoza, na hiyo ni sababu nzuri ya kuomba bei ishuke, kwa kuwa diski ya zamani mtaitoa tu. SSD, yaani diski isiyo na sehemu zinazozunguka, ndiyo itakayokupa mabadiliko makubwa kuliko kitu kingine chochote utakachoongeza kwenye laptopu ya miaka kumi. Ramu GB 4 inatosha kwa mtu mmoja mwenye kurasa chache za intaneti, GB 8 ni raha.

Betri nayo inasema ukweli ukiiuliza. Andikeni upower -d. Mtaona namba mbili: energy-full-design, yaani ilivyotoka kiwandani, na energy-full, yaani inachoweza kubeba leo. Hii laptopu yangu ya pili ilitoka na 48. Leo inabeba 19. Kwenye shule ambayo umeme unakatika katikati ya kipindi, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama somo litaendelea.

Kuhusu chipu ya picha, kama ndani ni Intel peke yake, endeleeni bila wasiwasi. AMD nayo kwa kawaida ni nzuri. Nvidia ya zamani ni ya kufikiria. Draiva zao za toleo la 340, zinazohudumia kadi za picha za GeForce za miaka ya 2006 hadi 2010 hivi, ziliachwa mwisho wa 2019, na za 390 zikaachwa mwisho wa 2022. Inabaki draiva huria ya nouveau, ambayo waliiandika watu kwa kuichunguza kadi bila msaada wa kampuni, kazi ninayoiheshimu mno. Kwa kuandika na kusoma inatosha. Kwa michezo na video nzito usiitegemee.

Walimu, mashine haiji peke yake shuleni, kuna printa. HP LaserJet 1020 na P1102 ziko kila duka la steshenari, na zote mbili zina tabia: 1020 inapakiwa fimwea kila inapowashwa, na P1102 inadai kiongezo kisicho huria cha HP kinacholingana na toleo la programu ya hplip. Zinakwenda, ila mkizisasisha msisahau kiongezo, la sivyo karatasi haitoki siku ya mitihani. Na zile modemu za USB za Huawei ambazo bado ziko makabatini: ukiichomeka inajifanya CD, kwa sababu imebeba draiva za Windows tumboni. Programu ya usb_modeswitch ndiyo inayoigeuza kuwa modemu. Kwenye lsusb mtaiona kwa 12d1, na mkirudia amri baada ya sekunde chache, sehemu ya pili ya namba mara nyingi imebadilika mbele ya macho yenu.

Nimezungumza sana. Mwalimu, njoo basi hapa mbele na laptopu yako. Mfuniko wake unasema ni ya mwaka ambao nyingi zilikuwa na kadi za aina mbili, kwa hiyo hata mimi sijui itakuwa ipi. Flashi hii hapa. Kijana mmoja aje na daftari aandike namba tutakazoziona, na mwingine akae na simu yake tayari, na waya, endapo tutahitaji intaneti yake. Chomeka upande wa kushoto, mwalimu. Vizuri. Sasa washa, na kidole chako kiwe tayari kwenye F12.